Boriti Iliyotoka Jela

Nchi hii usiitafute kwenye ramani, msomaji, utajichosha bure. Na ukiona inafanana na nchi unayoijua, basi tatizo ni macho yako, nenda kayapimishe. Inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Huko raia akikanyagwa mguu hushukuru kwanza, kisha humuuliza aliyemkanyaga kama hajaumia. Wana Wizara ya Shukurani, wana Siku ya Shukurani ambayo huchukua wiki mbili, na mkutano wowote, hata wa watu watatu, haufungwi mpaka mmoja asimame atoe neno la shukurani.

Katika nchi hiyo yenye heri aliishi Mwalimu Sospeter Kalugendo, mwalimu wa fizikia na mkuu wa Shule ya Sekondari Mlima Subira. Shule hiyo iko mbali kiasi kwamba mitihani ya taifa huifikia baada ya matokeo yake kutangazwa. Mwalimu alikaa huko miaka ishirini na mitano. Mke wake alifia huko, na binti yao wa pekee, Tumsifu, akakulia huko, akasoma kwa taa ya chemli mpaka akapata nafasi Chuo Kikuu cha Taifa. Mwalimu hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani, wala hakukitafuta.

Siku moja zikamfikia habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa barua yenye mhuri: "Ndugu Mwanaboriti, Kamati ya Wahitimu ya Kufufua Tawi inakuita kwa furaha. Boriti inatoka jela Jumamosi." Ya pili ilikuwa simu ya Tumsifu, sauti inarukaruka. "Baba, nimechaguliwa! Nimo katika wale wanane!"

Mwalimu akasema hongera, mwanangu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya ofisi, akaisoma tena ile barua.

*

Inafaa tueleze, maana wageni huwa hawaelewi mambo ya kule.

Chuo Kikuu kile kilikuwa na chama cha wanafunzi kilichoitwa Undugu wa Boriti, chenye nyumba yake, wimbo wake na kaulimbiu yake: "Tunabeba." Ukumbini mwake ilitundikwa boriti ya mninga, ndefu kama basi. Kila mwaka wanafunzi wanane walichaguliwa, wakapangwa mstari mmoja, kila mmoja na kata ya nguo kichwani, na boriti ikashushwa ikalazwa juu ya vichwa vyao. Waliibeba bila kuishika kwa mkono mpaka hotuba ziishe. Hotuba zikiisha, walikuwa ndugu. Aliyetoka chini ya boriti kabla ya wakati hakuwa ndugu, wala mwanawe hangekuwa. Na katika Jamhuri ya Shukurani asiye ndugu hafiki mbali. Mawaziri ni Wanaboriti, majaji ni Wanaboriti, na hata yule anayegonga mhuri kwenye vyeti vya kuzaliwa alipewa kazi hiyo baada ya kuonyesha upara wa utosini.

Mwaka alioingia Sospeter, mgeni rasmi alichelewa kwa muda wa saa tatu kwa sababu ya pilau. Kijana mmoja, Ladislaus Mbawala, mtoto wa mlinzi, mrefu kuliko wenzake wote, akafia chini ya boriti. Tume ikaundwa. Shahidi mkuu alikuwa Sospeter, aliyesimama ubavuni mwa marehemu, naye akaeleza kwamba moyo wa Ladislaus ulikuwa mdogo. Tume ilifurahi sana kusikia hivyo. Lakini wananchi walikuwa wakinung'unika, na ilibidi afungwe mtu. Kwa kuwa watu wote waliokuwapo siku ile walikuwa watu wa maana, ikafungwa boriti. Ilipewa miaka ishirini na mitano na kazi ngumu, na tawi la chama pale chuoni likafa kwa kukosa cha kubeba. Shahidi akazawadiwa ukuu wa shule, tena shule ya mbali, ambako hata akibadili mawazo hakuna wa kumsikia.

*

Jumamosi ile wahitimu walijaa kwenye lango la gereza kuu, suti nyeusi, tai za rangi ya mninga, na brasi bendi mbele. Mkuu wa Magereza, naye ndugu, akahutubia. Alisema katika utumishi wake hajapata kuona mfungwa mwenye nidhamu kama boriti. "Haijawahi kulalamikia chakula," alisema, "wala kugoma, wala kudai wakili. Raia wangeiga mfano huu, ningefunga gereza nikalime." Fomu ya kuachiliwa ilitaka dole gumba, na boriti haina. Akaitwa seremala, akabandua kibanzi, kikagundishwa mahali pa sahihi.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Waziri wa Shukurani, Mheshimiwa Profesa Daktari Gervas Pondamali, mwenyekiti wa Kamati ya Wahitimu. Aliikumbatia boriti, akaipapasa, kisha akawageukia wenzake kwa uchungu. "Jamani, ndugu yetu amekonda!"

Kweli, boriti ilikuwa imekauka. Ilipopimwa ikaonekana imepungua uzito, na Kamati ikakaa kikao cha dharura hotelini. Nyumba ya tawi ilikuwa tayari imepakwa rangi, mbuzi wametolewa ukumbini, viti vya kuzunguka vimefungwa kwenye nailoni ili visichafuke kwa kukaliwa. Sasa watoto wa siku hizi waje wabebe unyasi? Kila mjumbe alieleza jinsi boriti ya zama zake ilivyokuwa boriti. Ndipo Mheshimiwa akapata wazo: kila mhitimu anayesaidia kulifufua tawi apigiliwe bamba lake la shaba juu ya boriti, lenye jina lake na vyeo vyake vyote.

Mabamba yakamiminika. Jaji mmoja alileta la ukubwa wa sahani. Jenerali aliposikia, akaleta la ukubwa wa sinia. Askofu alitaka lake liwe na zaburi nzima, isiyofupishwa. La Mheshimiwa lilikaa katikati, lilinyanyuliwa na wanaume wawili, na bado vyeo vingine vilibidi viendelee upande wa pili. Mapenzi ya wahitimu kwa chuo chao yalikuwa makubwa, na yote yalipigiliwa misumari.

Mwalimu Sospeter, kwa kuwa alikuwa mtu wa fizikia, aliwekwa kwenye kamati ndogo ya ufundi. Alipima. Akapima tena. Kisha akasimama kikaoni na karatasi yake. "Waheshimiwa, naomba radhi. Boriti sasa ni nzito mara mbili na nusu kuliko ile ya zamani. Na wale ni watoto."

"Mwalimu," Mheshimiwa akasema kwa upole, "umepima uzito wa shaba. Je, umepima uzito wa upendo?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: "Mwalimu Kalugendo aliuliza, akafafanuliwa, akashukuru." Halafu wakamkabidhi na yeye bamba lake, dogo kama kiberiti, maana vyeo hakuwa navyo. Angeweza kulikataa. Alilipokea kwa mikono miwili, na nasikitika kusema kwamba alilifuta kwa leso ling'ae.

*

Kesho yake mchana alimkuta Tumsifu kwenye kantini ya chuo. Alikuja na nia ya kumwambia ajitoe.

"Nijitoe niende wapi, Baba?" Tumsifu aliuliza. "Nirudi Mlima Subira tukafundishe pamoja? Tutafundisha nini, mitihani ya mwaka juzi?"

Mwalimu akasogeza vikombe vinne vya chai vikawa mstari mmoja, katikati yake akasimamisha bilauri ya maji, ndefu kuliko vikombe. Akatoa rula mfukoni, akailaza juu. Rula ikatulia juu ya bilauri peke yake.

"Nani anabeba hapo?"

"Bilauri."

"Na vikombe?"

"Vimesimama tu."

"Haya. Mtasimama wanane, lakini hamtabeba wanane. Hubeba mrefu." Alishusha sauti. "Mtavishwa majoho. Wewe kunja magoti kidogo tu, upana wa vidole viwili. Joho litaficha. Kata itagusa boriti, shingo haitajua kitu. Kunja uso, tweta kidogo, ung'ang'ane. Mimi nilifanya hivyo, na sijapata kumwambia mtu."

Tumsifu aliitazama rula. "Na yule mrefu akikunja?"

"Mrefu hakunji, mwanangu. Mrefu anaonekana na watu wote."

"Mwaka huu mrefu ni Elikana," Tumsifu akasema polepole. "Anasimama ubavuni mwangu. Ndiye anayenisaidia hesabu."

Mwalimu akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Baba, yule Ladislaus alikufaje hasa?"

Miaka ishirini na mitano alikuwa akisubiri mtu amuulize swali hilo kwa nia ya kusikia jibu. Sasa ameulizwa, tena na nani? "Moyo wake ulikuwa mdogo," akasema.

Binti akaitazama bilauri, akamtazama baba yake, akarudi kwenye bilauri. Alikuwa na akili. Alipata daraja la kwanza kwenye shule isiyo na madirisha. Hakuuliza tena. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao hata fizikia hawakusoma.

*

Sherehe ya kufufua tawi ilipangwa saa nne asubuhi, ikaanza saa nane mchana. Ilifanyika uwanjani mbele ya nyumba, wageni chini ya mahema, vijana wanane juani. Boriti iliwekwa vichwani mwao saa saba na nusu, kwa sababu mgeni rasmi, ambaye ni yule yule Mheshimiwa Pondamali, alipiga simu kusema yuko getini. Alikuwa kwenye geti la nyumbani kwake.

Mwalimu alipangiwa kiti mstari wa nyuma, karibu na mama mmoja aliyevaa kitenge kipya kilichokatwa upande mmoja.

"Mwalimu, habari za safari?" mama akamsalimu kwa bashasha. "Mimi ni mama yake Elikana. Yule mrefu pale, ndiye wangu."

"Nimemwona, mama. Hongera."

"Kata yake nimeisokota mwenyewe, kwa kipande cha kitenge hiki hiki. Hata sindano sikuweka, isije ikamchoma." Akacheka kidogo. "Huyu ni mtu wa kubeba tangu zamani. Masika yote hunibeba mgongoni tukivuka mto kwenda gulioni. Basi walipokuja kijijini wakati wa likizo kutafuta mwanachuo mmoja wa familia za kawaida, walimwona tu kwa mbali wakasema ndiye. Mungu kamjalia kimo."

"Kamjalia kweli," Mwalimu akasema, akitazama viatu vyake.

Hotuba zikaanza. Jaji alizungumzia haki kwa dakika arobaini. Jenerali alizungumzia ufupi wa maisha, kwa urefu. Askofu aliwaombea vijana wapate nguvu, akaombea na mvua, na alipogundua watu wamefumba macho akaongeza maombi mengine. Mheshimiwa akasimama, akaelekeza kidole kwenye boriti iliyokuwa inameta juani. "Tazameni!" akasema. "Hivi ndivyo taifa linavyobebwa. Sisi wakubwa tuko juu, na vijana wako chini yetu, na wote tuna furaha!"

Shingo ya Elikana ilikuwa imeanza kutetemeka. Mama yake alidhani ni upepo.

Kisha mshereheshaji akamwita Mwalimu Kalugendo kutoa neno la shukurani, hotuba ya mwisho, na baada yake boriti ishushwe. Mwalimu alikwenda mbio mpaka kwenye kipaza sauti. Alikuwa na sentensi moja tu. "Itifaki imezingatiwa, tunashukuru, naomba boriti ishushwe."

"Aa, Mwalimu!" mshereheshaji akamdaka. "Itifaki haijazingatiwa. Usituharibie sherehe." Akamkabidhi karatasi nne zenye majina ya wahitimu wote waliosaidia, pamoja na vyeo, kama yalivyo kwenye mabamba.

Mwalimu akasoma. Alisoma kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua, akiruka vyeo, lakini wenye vyeo walikuwa macho. "Daktari wa heshima!" mmoja akapaza sauti kutoka kwenye hema. Mwalimu akarudia. "Mlezi wa Skauti!" mwingine akadai. Akarudia na hilo. Alipofika karatasi ya tatu aliinua macho amtafute Tumsifu, na ndipo alipoona.

Majoho saba yalikuwa yanafagia nyasi. Joho moja tu lilikuwa juu ya vifundo vya miguu, la Elikana. Vijana saba walikuwa wamekunja nyuso, wanatweta, wanang'ang'ana, na wote saba walikuwa wamekunja magoti. Walikuwa watoto wa Jaji, wa Jenerali, wa wenye mabamba. Kila mmoja alikuwa na baba yake na vikombe vyake vya chai.

Mwalimu akaelewa, na akaendelea kusoma. Angetupa karatasi, angepiga yowe, angekwenda kuisukuma boriti kwa mikono yake. Yote hayo aliyawaza akiwa katikati ya vyeo vya Mkuu wa Magereza. Alisoma mpaka jina la mwisho.

Boriti ikanyanyuliwa. Saba wakatoka wakipunga mikono. Elikana alibaki amesimama peke yake, wima, kichwa hakigeuki. Halafu akakaa chini taratibu, kama mtu aliyetoka safari, akainamisha uso kwenye magoti. Watu walidhani anatoa heshima. Makofi yakapigwa kwa muda mrefu, na aliyepiga kwa nguvu zaidi, amesimama juu ya kiti, alikuwa mama yake.

*

Gari la hospitali lilipoondoka, mama yule ndani yake, wahitimu waliendelea na pilau, maana ilikuwa imeshapakuliwa. Mheshimiwa alimvuta Mwalimu kando ya ukumbi akiwa na paja la kuku mkononi.

"Binti yako ana magoti mazuri," alisema. "Umemfundisha vizuri."

Mwalimu akageuza uso kwenye lango ambako gari lilitokea.

"Ulidhani ulikuwa peke yako mwaka ule? Wote tulikunja, Mwalimu. Mimi baba yangu alinifundisha kwa vibiriti. Wewe uligundua mwenyewe, na tulikuheshimu kwa hilo." Akang'ata kuku. "Ndiyo maana kila mara tunamtafuta mrefu mmoja wa nje. Bila yeye, nani atabeba?"

*

Elikana alifia njiani. Tume ikaundwa jioni ile ile, chini ya Jaji. Safari hii Mwalimu aliapa moyoni. Alikaa siku tatu chumbani kwenye nyumba ya wageni, akaandika kurasa nne kwa mkono wake: vikombe na bilauri, majoho saba, Ladislaus. Aliandika pia, "Nilidanganya." Ukurasa huo aliulilia, kisha akajisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu ujana. Akazikunja kurasa, akazitia mfuko wa ndani wa koti.

Alipofika kwenye kikao cha Tume, shahidi wa kwanza alikuwa ameshaingia. Mwalimu akakaa kwenye benchi la nje, pembeni ya Mama Elikana, aliyekuwa amevaa kitenge kile kile kilichokatwa. Dirisha lilikuwa wazi. Akamsikia Jaji akiuliza, "Wewe ulisimama ubavuni mwa marehemu. Uliona nini?"

Na sauti ya Tumsifu ikajibu, haitetemeki hata kidogo: "Moyo wake ulikuwa mdogo."

Ndani kulisikika viti vikisogezwa kwa furaha.

"Wanasema nini, Mwalimu?" Mama Elikana akauliza. "Siku hizi sisikii vizuri."

"Wanasema... moyo wake ulikuwa mdogo."

"Mdogo?" Mama akageuka akamtazama sawasawa. "Huyu aliyekuwa akinivusha mto?"

Mwalimu akaitwa ndani. Tumsifu alikuwa bado kizimbani, tai ya Wanaboriti shingoni, hamtazami. Jaji akasema, "Mwalimu, una la kuongeza juu ya maelezo ya binti yako?" Mkono wa Mwalimu ulikuwa ndani ya koti, umeshika kurasa nne. Zikitoka, mwanawe ni mwongo aliyeapa. Atavuliwa tai, atafukuzwa chuo, atafungwa. Zikibaki, basi.

"Nashukuru," Mwalimu akasema.

Ikabaki hukumu. Boriti haikuweza kufungwa tena, maana ilikuwa na majina. Kuifunga ingekuwa kulifunga baraza la mawaziri pamoja na zaburi. Tume ikatafakari kwa nusu saa, ikamwona mhalifu. Ilikuwa kata ya kitenge, iliyosokotwa kienyeji, bila kibali cha viwango. Ikapewa miaka ishirini na mitano, ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ikapigwa lakiri.

"Baba Jaji," Mama Elikana akasema kutoka mlangoni, "ile ina jasho la mwanangu. Sina kingine chenye jasho lake. Nitaipata lini?"

"Baada ya miaka ishirini na minne, mama, ikiwa na tabia njema," Jaji akamjibu kwa huruma. Mama alikuwa na miaka sitini na minane.

Kikao hakikuweza kufungwa bila neno la shukurani. Katibu akampa Mwalimu karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, na Mwalimu akasoma, safari hii bila kuruka cheo hata kimoja. Aliishukuru Tume, akawashukuru wahitimu, akamshukuru Mheshimiwa mara mbili. Mstari wa mwisho ulisema: "Na kwa namna ya pekee tunamshukuru mama mzazi, kwa kutuletea kijana mrefu." Aliuona kabla hajaufikia. Akausoma.

Watu wote wakageuka mlangoni, wakasubiri. Mama Elikana aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa Mwalimu. Kisha, kama wanawake wa kwao wanavyofanya wakipokea kitu kutoka kwa wakubwa, akakunja magoti kidogo, akasema, "Ahsanteni."